Nextcloud ya ofisini Mwanza: programu ya kuhariri hati inakataa kusakinishwa, upakuaji unakatika kila baada ya dakika mbili

KaraniKirumba

Ndugu zangu, salaam. Naomba msaada katika jambo ambalo limenila siku nne sasa. Nitalieleza kwa kirefu kidogo ili atakayejibu asilazimike kuniuliza tena mambo ya msingi.

Mimi ni karani wa hesabu katika ofisi ndogo inayonunua dagaa wakavu Ukerewe na kuwauza sokoni Kirumba. Mwenzangu aliyeko Nansio hupima magunia kabla hayajapakiwa, nami huyapima tena yanaposhushwa mwaloni. Kwa miaka yote tumekuwa tukitumiana majedwali kwa simu, na kila jioni tunakuwa na majedwali mawili ambayo hayafanani, kwa sababu yeye amerekebisha la kwake wakati mimi narekebisha la kwangu. Ndiyo maana mwaka jana tulinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, tukaiweka katika ofisi yetu ya Nyakato ikiwa na inveta, tukaweka Ubuntu Server 22.04, Apache (programu inayohudumia tovuti), PHP 8.1 (lugha inayoendesha Nextcloud) na Nextcloud 28 (programu ya kuhifadhi na kushirikiana mafaili kwenye seva yetu wenyewe) ndani ya folda ya /var/www/nextcloud. Kuhifadhi mafaili, picha za stakabadhi kutoka kwenye simu, na Kalenda niliyoisakinisha mwenyewe kwa kubonyeza kitufe, vyote vinafanya kazi bila tatizo.

Sasa tunataka Nextcloud Office, ili mimi na mwenzangu tuandike katika jedwali moja kwa wakati mmoja. Nimeelewa kwamba zinahitajika programu mbili: ya kwanza ni kiunganishi chenyewe, na ya pili ni injini ya Collabora Online inayofungua hati, ambayo jina lake la ndani ni richdocumentscode. Ya kwanza iliingia kwa kufumba na kufumbua. Ya pili ndiyo mkosi wangu. Nikibonyeza kitufe cha kupakua na kuwasha, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha maandishi mekundu yanajitokeza kuniambia kwamba imeshindikana. Mara ya tatu nilichukua simu nikapima muda: dakika mbili kamili. Mara ya nne, dakika mbili kamili. Mtandao wetu wa mchana hapa Nyakato hauzidi megabiti 6 kwa sekunde.

Niliyokwisha kujaribu ni haya. Nilipandisha max_execution_time, yaani kikomo cha sekunde za kazi moja ya PHP, katika faili la mipangilio la php.ini hadi 3600 na kuiwasha upya Apache, lakini hakuna kilichobadilika. Kisha nikapakua kifurushi kwa kompyuta mpakato, nikakileta kwa flashi, nikaanza kukifungua ndani ya folda ya apps kwa kutumia sudo. Katikati ya kazi umeme ukakatika, na inveta nayo ilikuwa haijajaa chaji. Umeme uliporudi nilijaribu kusakinisha kwa amri, na seva ikanijibu kwamba programu hiyo imekwisha kusakinishwa, ilhali kwenye orodha ya programu haiwaki. Yaani mlango wa mbele unaniambia haimo, wa nyuma unaniambia imo.

Kuna kijana jirani amenishauri niipe folda nzima ya Nextcloud ruhusa ya 777 ndipo mambo yatakaa sawa. Nimesita. Tafadhali nielekezeni.

FundiNyakato

Ndugu Karani, umefanya vizuri kupima kwa saa, kwa sababu kipimo hicho ndicho kinachotaja ugonjwa. Dakika mbili kamili kila mara si tabia ya mtandao mbovu, kwani mtandao mbovu hukatika leo baada ya sekunde arobaini na kesho baada ya dakika tano. Kinachokatika kwa muda uleule kimekatwa na mtu aliyeweka kikomo.

Kikomo hicho kimo ndani ya msimbo wa Nextcloud wenyewe. Sehemu inayosakinisha programu za nyongeza huipa kazi ya kupakua sekunde 120 pale inapoitwa kutoka kwenye kivinjari, lakini inapoitwa kwa amri kupitia occ, chombo cha Nextcloud cha kuiendesha kwa maandishi, haiwekewi kikomo chochote. Ndiyo maana php.ini yako haikusaidia: ulipanua lango la nje wakati lango la ndani limefungwa. Na usije ukashawishika kulifungua faili hilo na kuibadilisha namba 120 kwa mkono wako, maana Nextcloud hukagua mafaili yake dhidi ya sahihi za kidijitali, itaanza kukulalamikia kwamba faili limechezewa, na utakapopandisha toleo marekebisho yako yatafutika.

Piga hesabu kidogo uone. Kifurushi cha richdocumentscode ni kikubwa kuliko programu nyingine karibu zote za duka la programu la Nextcloud, kwa sababu kimebeba injini nzima ya kufungulia hati iliyojengwa juu ya LibreOffice. Tuseme ni megabaiti 300 kwa makadirio ya chini. Ili ziingie zote ndani ya sekunde 120 unahitaji megabaiti mbili na nusu kila sekunde, yaani megabiti 20 kwa sekunde bila kupungua hata kidogo. Kwa megabiti 6 zako, dakika mbili zinakupa takriban megabaiti 90, kisha unakatwa. Kalenda iliingia kwa sababu ni ndogo, inamalizika kabla kikomo hakijafika.

Sasa kuhusu mlango wa mbele na wa nyuma. Amri ya app:install huangalia kwanza kama kuna folda yenye jina la programu hiyo, na ikiikuta husema imekwisha kusakinishwa, bila kujali kama ndani yake mna mafaili yote au nusu. Umeme ulipokatika uliacha folda nusu. Zaidi ya hayo, kwa kuwa ulifungua kifurushi kwa sudo, kilichomo humo kinamilikiwa na root, mtumiaji mkuu wa kompyuta, badala ya www-data, ambaye ndiye mtumiaji anayeiendesha Apache kwenye Ubuntu. Kwa hiyo anza kwa kuifuta kabisa:

sudo rm -r /var/www/nextcloud/apps/richdocumentscode

Soma mstari huo mara mbili kabla ya kubonyeza, maana rm haina msamaha.

Kabla ya kusakinisha upya ningekushauri utenge folda ya programu za nyongeza, isichanganyike na zile zinazokuja na Nextcloud yenyewe. Tengeneza folda /var/www/nextcloud/custom_apps, ikabidhi kwa www-data kwa chown, amri ya kubadilisha mmiliki, kisha ndani ya config/config.php, kabla ya mabano ya mwisho, ongeza hivi:

'apps_paths' => [
 ['path' => '/var/www/nextcloud/apps', 'url' => '/apps', 'writable' => false],
 ['path' => '/var/www/nextcloud/custom_apps', 'url' => '/custom_apps', 'writable' => true],
],

Nextcloud husakinisha programu mpya katika folda ya kwanza inayoruhusu kuandikwa, ndiyo sababu ile ya apps imewekewa false. Fanya nakala ya config.php kwanza. Kisha toa amri:

sudo -u www-data php -d memory_limit=512M /var/www/nextcloud/occ app:install richdocumentscode

Zingatia sehemu ya sudo -u www-data. Ukiiendesha occ kama root itakataa, na itakueleza kwamba inapaswa kuendeshwa na yule anayelimiliki faili la config.php. Watu wengi hukasirishwa na ujumbe huo, lakini mimi nauona kuwa ni ulinzi mzuri, kwani bila huo ungejikuta kila siku na mafaili ya root yaliyotapakaa ndani ya seva.

Kuhusu 777, kataa na endelea kukataa. Ruhusa hiyo ina maana kwamba mtumiaji yeyote na programu yoyote ndani ya kompyuta hiyo inaweza kuandika upya msimbo unaoendesha tovuti yenu, na config.php yenye nenosiri la hifadhidata inakuwa wazi kwa kila mpita njia. Tatizo lako la pili lilikuwa la mmiliki, wala si la upana wa ruhusa, na dawa ya mmiliki ni chown.

Igoma_Linux

Nakubaliana na Fundi kuhusu sekunde 120 na kuhusu 777, lakini kwa custom_apps naona anamwongezea Karani mzigo. Nextcloud iliyosakinishwa kwa njia ya kawaida huweka programu za nyongeza ndani ya apps na hufanya kazi miaka nenda rudi. Kalenda yake imo humo tayari. Kumwambia mtu aliyechoka kwa siku nne aanze kuhariri config.php kwa mkono ni kumtafutia tatizo la tano.

Jambo jingine ambalo halijatajwa ni saa ya kompyuta. Umesema ni kompyuta iliyotumika na kwamba umeme hukukatikia. Kompyuta za namna hiyo mara nyingi betri yake ndogo ya ubao mama imekufa, hivyo kila umeme ukikatika saa hurudi nyuma miaka kadhaa. Seva ikiamini kwamba bado ni mwaka wa zamani, hukikataa cheti cha usalama cha duka la programu kwa kudhani kwamba muda wake haujaanza, na unaona orodha ya programu ni tupu au upakuaji unakataa papo hapo. Raspberry Pi zilizotangulia Pi 5 zina tabia hiyohiyo kwa sababu hazina saa ya ndani kabisa. Andika timedatectl uone tarehe kabla ya kulaumu kitu kingine. Betri yenyewe ni ile ya mviringo ya CR2032, utaipata kwa fundi saa yeyote pale mjini.

FundiNyakato

Hoja ya saa ni ya kweli na nilipaswa kuitaja, ingawa dalili za Karani si zenyewe: saa mbovu ingemkataa sekunde ya kwanza, isingemngoja dakika mbili.

Kuhusu custom_apps tutatofautiana. Faida yake haionekani siku ya kusakinisha, bali siku ya kupandisha toleo kwa mkono, unapoisogeza folda ya zamani kando na kuweka mpya. Siku hiyo, kama kila kitu kimo ndani ya apps, unakaa unajiuliza ipi ilikuja na Nextcloud na ipi uliongeza wewe. Kama umetenga, unahamisha folda moja na kazi imekwisha. Hata hivyo Karani akiamua kubaki na apps, amri ni ileile na itafanya kazi.

Mwalimu_Nansio

Naomba niongeze neno kama mtu wa upande wa pili wa maji, ambako mtandao si wa polepole tu bali pia hukatika. Amri ya occ haina kikomo cha muda, hilo ni kweli, lakini pia haina kumbukumbu ya ilipoishia. Mtandao ukikatika ukiwa umebakiza megabaiti kumi, utakapoitoa tena amri hiyo itaanza sifuri, na bando lako litakuwa limeliwa mara mbili. Nilijifunza hilo kwa gharama ya bando tatu.

Kwa mtandao wa aina yetu ni afadhali utenganishe kupakua na kusakinisha. Nenda kwenye ukurasa wa programu hiyo katika apps.nextcloud.com, tafuta toleo linalolingana na Nextcloud 28, kisha nakili kiungo cha kifurushi chake chenye kiishio cha .tar.gz. Ukichukua kutoka GitHub kuwa mwangalifu: pale huwa kuna kifurushi kilichoandaliwa na watengenezaji, na chini yake vipo vingine viwili vya msimbo ghafi ambavyo GitHub huvitengeneza yenyewe. Hivyo vya msimbo ghafi havijakamilika, ukivisakinisha programu haitawaka, nawe utaisaka sababu mpaka kuche.

Kiungo ukikipata, ingia kwenye seva, anzisha tmux, kisha:

wget -c kiungo-chako

Herufi -c ndiyo yenye thamani. Upakuaji ukikatika, unarudia amri ileile na wget inaendelea pale ilipoachia. Nayo tmux inasaidia kwa namna nyingine: kama wewe uko Kirumba na umeingia kwenye seva ya Nyakato kwa mbali, muunganisho wako ukikatika kazi inaendelea kule kule, ukirudi unaikuta. Mimi huanza saa tano usiku, bando la usiku likiwa limeanza, nikalala.

Asubuhi unakifungua kifurushi kwa jina la www-data tangu mwanzo, ili suala la mmiliki lisizuke kabisa:

sudo -u www-data tar -xzf richdocumentscode.tar.gz -C /var/www/nextcloud/custom_apps

Hakikisha kifurushi kimewekwa mahali ambapo www-data anaweza kukisoma, kwa mfano /tmp, kwa sababu folda yako ya nyumbani huenda imefungwa kwake. Jina la folda inayotokea lazima liwe richdocumentscode bila namba ya toleo wala neno la ziada, kwani Nextcloud huitambua programu kwa jina la folda. Kisha iulize seva kama mafaili yote yako salama:

sudo -u www-data php /var/www/nextcloud/occ integrity:check-app richdocumentscode

Ikinyamaza, au ikisema hakuna kosa, ni nzima. Ikitoa orodha ya mafaili yaliyokosekana, kifurushi hakikukamilika. Baada ya hapo hutumii app:install tena, maana itakuambia imo, unatumia app:enable.

KaraniKirumba

Nawashukuru nyote. Naleta ripoti, na nusu yake ni ya aibu.

Saa ya kompyuta ilikuwa sahihi, nilianza na hiyo. Nikaifuta folda ya nusu. Nikachagua njia ya custom_apps, Igoma anisamehe, na hapo ndipo nilipojikwaa. Nilipolihifadhi faili la config.php na kufungua tovuti, nikakuta kosa la seva badala ya ukurasa wa kuingia. Dakika tano baadaye mwenzangu wa Nansio akanipigia kuuliza kama nimeuza kompyuta. Nilihangaika kwenye kumbukumbu za Apache nisielewe, hadi nilipokumbuka kwamba PHP inaweza kulikagua faili bila kuliendesha:

sudo php -l /var/www/nextcloud/config/config.php

Ikanitajia mstari. Mstari uliotangulia maneno yangu ulikuwa ule wa toleo, wa mwisho katika faili la awali, na mwishoni mwake nilikuwa nimeifuta koma nilipokuwa nabandika. Koma moja. Nikairudisha, tovuti ikaamka.

Kifurushi nilikipakua usiku kwa wget -c ndani ya tmux, nikiwa nyumbani Mabatini. Kilikatika mara tatu. Kila niliporudia amri, namba ilianza pale ilipoishia, na mara ya mwisho nilifurahi peke yangu gizani kama mwendawazimu. Asubuhi nikakifungua kwa jina la www-data, ukaguzi haukutoa kosa, app:enable ikajibu kwamba imewashwa. Kwenye mipangilio ya Nextcloud Office nikachagua kutumia injini ya ndani.

Lakini bado jambo halijaisha. Nikifungua jedwali lolote naona ukurasa mweupe, kisha ujumbe kwamba hati imeshindwa kupakiwa. Kompyuta ni ya biti 64, nimethibitisha kwa uname -m, imejibu x86_64.

FundiNyakato

Koma imewaangusha wengi kuliko wewe, usione aibu.

Tuiulize injini yenyewe, kwani ina mahali inapojieleza. Ukiwa kwenye kivinjari, fungua anwani ya seva yenu ukifuatisha njia hii:

/custom_apps/richdocumentscode/proxy.php?status

Utaona mstari mfupi wa maandishi, na kama kuna kosa litatajwa kwa neno moja. Maneno yanayotokea mara kwa mara ni machache. Lipo linalosema kwamba faili la injini halina ruhusa ya kuendeshwa, na hilo huwapata waliofungua kifurushi kwenye Windows kisha wakakinakili kwa flashi, kwani ruhusa ya kuendesha hupotea njiani. Lipo linalosema kwamba PHP imezuiwa kuita programu za nje, ambalo huwakuta zaidi walio kwenye seva za kukodi. Lipo la kukosa glibc, maktaba ya msingi ya Linux nyingi, ambalo huwapata wenye mifumo ya Alpine, aina ndogo ya Linux. Na lipo la kukosa fontconfig, ambayo ni programu ya kupanga na kutafuta fonti. Seva isiyo na skrini wala mazingira ya picha mara nyingi haiwi nayo, kwa sababu haijawahi kuhitaji kuchora herufi hata moja. Tuletee neno unaloliona.

KaraniKirumba

Limeandikwa no_fontconfig.

Nimeisakinisha kwa sudo apt install fontconfig, ikaingia ndani ya sekunde chache tu, nikafungua upya ile anwani. Mara ya kwanza ikaniambia injini inaanza, mara ya pili ikaniambia iko tayari. Jedwali la kwanza lilichukua muda kufunguka, karibu nikate tamaa, kisha likafunguka.

Nikampigia mwenzangu wa Nansio alifungue na yeye. Nikiwa naangalia, kisanduku cha mstari wa kumi na nne kikazungukwa na rangi yenye jina lake pembeni, zikaingia namba: magunia 32. Nikaandika pembeni yake uzito wa Kirumba, naye akausoma kwenye simu akiwa kule kule. Tulibaki tumenyamaza wote wawili, kisha akasema, sasa nani atalaumiwa kwa jedwali lisilofanana?

Swali langu la mwisho ni kuhusu kasi. Tukiwa wawili inaenda vizuri, tukiwa wanne jana iliburuta. Je, ni kompyuta?

FundiNyakato

Kwa sehemu ni kompyuta, na kwa sehemu ni namna injini hii ya ndani inavyofanya kazi. Kila unachokiandika kinapita ndani ya PHP kwanza ndipo kiifikie injini, na safari hiyo ina gharama. Watengenezaji wenyewe wameieleza kuwa inafaa matumizi ya nyumbani na vikundi vidogo. Ofisi yenu ya watu wanne iko karibu na mpaka wake. Mkifika watu kumi, isakinisheni Collabora Online kama seva inayojitegemea, katika kompyuta hiyohiyo au nyingine, na kiunganishi mlichonacho kielekezeni huko kwa anwani. Kiunganishi hakibadiliki, wala hati zenu hazihami. Kwa sasa angalieni kumbukumbu ya RAM kwa amri ya free -h wakati wote wanne mmefungua jedwali; ikiwa imekwisha na kompyuta inaandika kwenye diski badala yake, kuongeza RAM kutasaidia kuliko jambo jingine lolote.

Mwalimu_Nansio

La kukumbuka tu ni kwamba toleo jipya la richdocumentscode likitoka, kifurushi chote hupakuliwa upya, na kitufe cha kusasisha kwenye kivinjari kina sekunde 120 zilezile. Ukiona alama ya kusasisha, usiibonyeze. Subiri usiku, ingia kwa tmux, kisha:

sudo -u www-data php /var/www/nextcloud/occ app:update richdocumentscode

Na kama usiku huo mtandao ni wa kukatikakatika, zima programu kwa app:disable, sogeza folda ya zamani nje ya custom_apps, rudia ile njia ya wget, ukague, uwashe. Folda ya zamani usiifute mpaka uone jedwali moja limefunguka.

Igoma_Linux

Nje ya custom_apps, tafadhali, na si ndani yake kwa jina la richdocumentscode_zamani. Nextcloud itaiona, itajaribu kuisoma kama programu nyingine, na kumbukumbu za seva zitajaa malalamiko. Hilo nalisema kwa sababu nililifanya mwenyewe.

KaraniKirumba

Nimeelewa. Nitaihamishia kwenye diski ya nakala pamoja na config.php.